Kulia kwa Nani?

Otim hakutumia neno kulia, wala kushoto. Ukimwuliza njia pale Bukoto, alikokuwa na kibanda cha kutengeneza feni na redio, alikuambia upinde upande wa duka la dawa, kisha upande wa msikiti. Majirani walimtania kwamba mtoto wa polisi, aliyezaliwa kambini na kulelewa na gwaride, amesahau hata geuka kulia. Naye alicheka nao, kicheko kisichokuwa na ukweli hata chembe.

Zamani alikuwa fundi wa ndege, tena fundi hodari. Aliacha kazi juma lile lile alipozikwa rafiki yake Swaibu, rubani aliyeanguka na ndege ndogo ya kampuni ya kukodisha ambayo leo haipo. Ndege iliteketea, na wachunguzi wakaandika: kosa la rubani. Watu nao wakaongeza yao, ati hakulala, ati alijitia ubingwa. Kwa miaka kumi na moja mjane wake, Bi Firdaus wa Mengo, aliishi na maneno hayo, na kila Idi Otim alikwenda kumsalimu, akala pilau, akarudi nyumbani na siri yake.

Siri yenyewe ni hii. Asubuhi ya ajali walikuwa wamebadilisha nyaya za chuma za kuongozea mabawa. Fundi mwenzake, Wandera, alikaa ndani, akazungusha usukani na kupaza sauti: "Kulia!" Otim alisimama mbele, uso kwa uso na pua ya ndege. Akaona kibawa, kile kipande cha ukingo wa nyuma wa bawa ambacho kikinyanyuka ndege hulalia upande wake, kimenyanyuka kwenye mkono wake wa kulia. "Kulia, sawa!" akajibu, na akatia sahihi. Kumbe kulia kwake, yeye aliyetazamana na ndege, kulikuwa kushoto kwa Wandera. Nyaya zilikuwa zimepishana. Hilo lilimjia mazikoni, alipompa mkono mtu aliyesimama mbele yake na kuona mkono wa kulia wa yule mtu unatokea upande wake wa kushoto. Akaondoka kabla ya dua, watu wakadhani ni huzuni. Mwaka uliofuata Wandera alifariki kwa maradhi, na shahidi wa asubuhi ile akabaki Otim peke yake.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaja Umulkheir, binti wa Swaibu, siku hizi mwalimu wa fizikia, amekumbatia ndege ya rimoti ambayo baba yake aliiacha bila kuimaliza.

"Anko, mabawa hayana sevo. Nataka iruke, mama aone."

Otim angeweza kusema macho yanamsumbua. Hakusema, akapokea.

Sevo ni mota ndogo isiyozidi kiberiti, inayosukuma kibawa juu na chini ikiamriwa na rimoti. Kwanza aliziwasha zikiwa bado mezani, zijitafutie katikati, kwa maana ukifunga mkono wa sevo kabla haijatulia, kibawa kitakaa kimepinda siku zote. Akapitisha uzi wenye nati katikati ya mbavu za bawa, akauvuta, waya ukafuata. Akazungushia kila sevo utepe kabla ya gundi, ili ikifa ing'olewe bila kuvunja mbao. Mwisho akaunganisha vijiti vya chuma kwenye vibawa, akakaza skrubu. Kwa saa mbili alikuwa tena fundi wa ndege na, Mungu amsamehe, alifurahi.

Wakafika kwenye kujaribu. Otim alikuwa nyuma ya mkia. Umulkheir alisimama mbele ya meza, pua ya ndege ikimwelekea, akasukuma kijiti cha rimoti kulia.

"Kulia imepanda, Anko! Iko sawa!"

Kutoka nyuma Otim aliona kilichopanda ni kibawa cha kushoto. Kwenye rimoti kulikuwa na kitufe cha kugeuza mwelekeo wa vibawa. Angekibonyeza tu, kibawa kingetii, binti angerusha ndege yake, na pilau ya Idi ingeendelea. Akaichukua rimoti, kidole kikafika kwenye kitufe, kikakaa hapo.

"Hapana sawa," alisema. "Njoo huku nyuma, mwanangu. Hiyo kulia ni yako wewe. Ya ndege iko huku."

Umulkheir akazunguka, akatazama, akacheka kwa aibu. "Na mimi mwalimu! Kumbe mtu yeyote anaweza kukosea hapo."

"Anaweza. Mimi ilinipata." Otim aliweka rimoti chini. "Ile ndege ya baba yako, mimi ndio nilipima. Nilisimama mbele, kama wewe sasa hivi. Wandera anaita kulia, mimi najibu sawa. Baba yako hakukosa kitu. Alipinda kulia, ndege ikaenda kushoto."

Umulkheir hakulia. Alichukua rimoti, akaizima.

"Ulijua lini?"

"Siku ya maziko."

"Na ukawa unakuja kula kwetu."

"Nilikuja."

"Mama haendi arusi ya mtu, Anko. Anaona haya. Miaka kumi na moja anaona haya kwa kosa lako."

Otim akaanza kuomba msamaha. Binti akamkata maneno. "Si mimi wa kuombwa. Twende Mengo. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Otim akanawa gundi mikononi, akafunga kibanda. Wakashika njia ya Mengo.

Bi Firdaus alifungua mlango mwenyewe, uso ukamchangamka. "Shemeji! Na leo wala si sikukuu! Karibu ukae, chai iko motoni."

Otim alivua kofia, akabaki pale pale mlangoni.

"Nisikilize kwanza, shemeji," alisema. "Halafu wewe utasema kama nikae."