Kigoda cha Kuulizia Joto

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka natamani kujifunika uso kwa kanga, ingawa nimeshakuwa bibi na nina wajukuu wanaonicheka. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kupita mitaani ukiwauliza watu maswali. Kazi hiyo niliwahi kuifanya mimi, hapahapa Tukuyu, nikiwa binti niliyetoka kijijini Lufingo na sketi moja ya kutokea.

Alikuja mtaalamu mmoja, mwanamke mpole, tukamwita Dokta. Alikuwa anatengeneza hesabu kwenye kompyuta, ya kujua joto linamwumiza mtu wa mjini kiasi gani. Watu walicheka. Joto Tukuyu? Mji wa ukungu na masweta? Mimi sikucheka, maana nilipenda mno kujua mambo. Dokta alikuwa na tufe jeusi la bati, kubwa kama chungwa, lenye kipimajoto ndani. Alilitundika kwenye kibanda cha mabati sokoni, na kando yake kipimajoto cha kawaida. Ilipofika saa saba mchana, kile cha kawaida kilionyesha joto la wastani tu, lakini cha ndani ya tufe kilikuwa kimepanda mbali. Nikauliza kwa nini. Akaniambia hewa ni jambo moja tu. Bati lililopigwa na jua nalo linamchoma aliye chini yake, halafu kuna upepo, unyevu, nguo alizovaa mtu na kazi anayofanya. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikigusa kwa kiganja kila ukuta niliopita, nijue upi una moto. Walioniona walidhani nimechanganyikiwa.

Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wenye vibanda wanajisikiaje, ili Dokta alinganishe majibu yao na hesabu yake. Fomu ilikuwa na visanduku: baridi, sawa, joto, joto linaloumiza. Nilikuwa mwepesi, na wepesi huo niliuringia. Nafika mlangoni, nasalimia Kinyakyusa: "Mugonile, mama. Hali ya humu ndani vipi?" "Nzuri tu, mwanangu." Natia alama kwenye "sawa", huyo, kibanda kinachofuata. Wiki tatu ni hivyo hivyo.

Dokta akaanza kukuna kichwa. Hesabu yake ilisema watu wa vibanda vile wanateseka. Fomu zangu zilisema wako sawa. "Labda watu wa huku wamezoea," aliniambia, akaanza kuirekebisha hesabu ifuate majibu yangu. Nilivyofurahi, jamani! Kompyuta inanifuata mimi. Na Ijumaa taarifa yake ilikuwa inakwenda kwa waliopanga kujenga vibanda vipya vya soko, vya bati tupu, bila dari.

Jumatano Mama Atu akaanguka. Alikuwa fundi cherehani mwenye mimba ya miezi saba, na alikuwa anapiga pasi ya mkaa ndani ya kibanda chake, sweta la asubuhi bado liko mwilini. Aliyemtoa nje ni jirani yake, Mzee Salumu, fundi bati ambaye babu yake alihamia huku kutoka pwani. Nilipofika alikuwa amemlaza kivulini, anampepea kwa kipande cha boksi. Niliogopa, kwa sababu jana yake tu nilikuwa nimemwandika kwenye "sawa".

Alipofumbua macho nikainama. "Mama Atu, si jana uliniambia nzuri?"

"Nilisema nzuri, ndiyo," akajibu polepole. "Nikataka kukwambia, ila kichwa kinaniuma tangu juzi, na mtoto hachezi vizuri. Nainua macho, umeshaondoka."

Mzee Salumu akanigeukia. "Binti, wewe umezaliwa wapi? Hujui kwamba sisi tunaanza na nzuri? Hata mwenye msiba anaanza na nzuri, ndipo aseme ila. Unauliza umesimama mlangoni, nani akueleze shida zake?"

Mgeni angesamehewa. Mimi nimekulia nyumba ambayo mtu anasalimia mpaka chai inachemka ndipo aseme kilichomleta.

Mama Atu alipakiwa kwenye pikapu ya ndizi akapelekwa hospitali. Nikabaki na siri yangu. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Nilipita mlangoni kwa Dokta mara mbili bila kubisha hodi, na mara ya tatu nikaingia.

"Dokta, zile fomu hazifai."

"Ngapi?"

"Zote."

Nikaanza kulia, nikamweleza alivyosema Mzee Salumu. Dokta akafunga kompyuta. "Ijumaa sipeleki kitu," akasema. "Kesho unaanza upya. Na utabeba kigoda."

Nilikibeba. Niliketi chini ya mabati yale, jasho likinitoka, nikasalimiana na watu mpaka wakamaliza kusema nzuri. Ndipo yakaja: ila mchana naona kizunguzungu, ila mwanangu namwacha kwa jirani, humu analia. Hesabu ya Dokta ilikuwa sahihi tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekuwa naiharibu. Taarifa iliyosahihishwa ilipokwenda, vibanda vipya viliwekewa dari, na madirisha pande mbili. Mama Atu alijifungua salama. Isingekuwa hivyo, sijui leo ningekuwa mtu gani, na sipendi kuwaza.

Basi, mwanangu, shika neno langu. Vifaa vyako vitapima jua, upepo na bati, navyo ni vizuri, vipende na uviulize sana. Lakini mtu hapimwi akiwa bado anakusalimia. Kaa chini. Nyamaza kidogo. Ukijua umekosea, kaseme siku hiyohiyo, hata kama midomo inatetemeka, maana kosa lililo kwenye karatasi yako kuna mtu anateseka nalo ndani ya kibanda, na ana mimba.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe macho ya kudadisi na moyo usio na haraka, na popote utakapoketi, watu wakuone unafaa kuambiwa ukweli.