Damu Ambayo Haikutoka

Nyanjige wa Dutwa ni mwanamke wa kazi: analima pamba, anakamua ng'ombe, na mbele ya baba mkwe wake hasemi mpaka aulizwe. Heshima hiyo alifunzwa kwao, na kwa miaka kumi na moja haikumgharimu kitu. Siku ile nusura imgharimu mume.

Wiki tatu kabla, mumewe Mashimba alianguka kutoka juu ya mkokoteni uliosheheni pamba, akapiga kisogo chini. Aliinuka akicheka, akamkataza mkewe kumwambia mtu, maana mwanamume aliyeswaga maksai tangu utotoni akidondoka mkokotenini atachekwa hadi mnadani. Damu haikutoka hata tone, basi wakaona hakuna kilichoharibika. Ujinga mtupu, ila nani kati yetu hajawahi kuufanya?

Kichwa kikaanza kumuuma. Kisha mguu wa kushoto ukawa unaburuta, na asubuhi moja akashindwa kuwataja ng'ombe wake kwa rangi zao. Hapo baba yake, mzee Mahona, akampeleka hospitali mjini Bariadi, Nyanjige akifuata nyuma.

Daktari aliuliza kama mgonjwa aliwahi kuanguka au kupigwa. Mzee akajibu hapana, ni malaria imempanda kichwani. Mashimba alikuwa anasinzia, mate yakimtoka. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na hapa mfichaji mwingine ni yeye.

"Baba, unisamehe," alisema, macho chini. "Alianguka kwenye mkokoteni. Mimi nilimwona."

Mzee hakumtazama. Daktari aliweka kalamu chini, na kabla saa haijapita Mashimba alikuwa ndani ya mashine ya CT scan. Kwenye picha daktari aliwaonyesha: upande wa kulia, kati ya fuvu na ubongo, damu imejikusanya kama kipande cha tikiti, na ubongo umesukumwa pembeni. Ilikuwa ikivuja taratibu siku zote hizo. Lazima ikatolewe Mwanza, leo hii; kama watawahi, hakuahidi.

Gari la wagonjwa lilikuwa na nafasi ya ndugu mmoja. Nyanjige alirudi nyuma, amwachie mzee.

"Panda wewe, mkamwana," mzee Mahona alisema. "Huko nako watauliza, na mimi sijui kitu."

Akapanda. Njia nzima aliushika mkono wa kushoto wa mumewe, akimwomba aminye vidole vyake, hata kidogo tu. Mashimba hakuminya.