Mstari wa Tano

Hapana, sikubaliani na mdogo wangu. Anasema nimwache nyanya na amani yake, eti macho yake hayaoni tena, kwa hivyo nikimweleza ukweli wa ile karatasi nitamtia simanzi bure. "Ya nini sasa, dada? Ashazeeka. Wewe shule umemaliza, umepita, mwache afurahi hivyo hivyo." Amesema hivyo mara tatu tangu mchana, na kila mara nakasirika zaidi, maana yeye ndiye aliyeiona na kuisoma.

Tulikuwa twahamisha kabati la vyombo hapa kwa nyanya, Mishomoroni, tupake ukuta rangi kabla shule hazijafunguliwa. Mlango wa kabati ukafunguka, na karatasi bado iko pale kwa ndani, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ngoja nikueleze ilifikaje pale.

Nilikuwa darasa la sita. Siku ya kwanza ya mwaka mwalimu wetu alituambia kila mtu aandike malengo matano, ayabandike nyumbani mahali mzazi atayaona. Mzazi wangu alikuwa nyanya, na nyanya hajakaa darasani hata siku moja. Alifurahi kweli. Akakoroga unga wa ngano na maji jikoni mpaka ukawa gundi, akaibandika mwenyewe, akaipapasa kwa kiganja kama anayemlaza mtoto. Kisha akaweka sheria: kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla wali haujapakuliwa, namsomea.

Lengo la tano niliandika: kumfundisha nyanya kusoma.

Na nilianza, usinione hivi. Tulikaa barazani jioni, yeye na leso yake mabegani, mikono ikinukia iliki ya mahamri aliyouza asubuhi. Kalamu aliishika kama mwiko. Herufi moja ilijaza ukurasa mzima, na bado ikalala upande. Uani wenzangu walikuwa wanaruka kamba. Nasikia nyimbo zao, nasikia zamu yangu ikipita. Siku ya nne nikamnyang'anya kalamu.

"Aah, nyanya nawe! Nimekuonyesha mara ngapi? Hata mtoto wa chekechea angeshajua!"

Hakunigombeza. Alifunga daftari, akapangusa unga ulioshika kwenye jalada, akasema, "Haya mwanangu, nenda kacheze." Nami nikaenda. Mbio.

Jumapili iliyofuata niliona haya kuusoma ule mstari. Nikasoma minne, nikanyamaza. Nyanya akaweka kidole kwenye karatasi, akateremka nacho polepole.

"Mbona umesoma minne? Hapa iko mitano. Kusoma sijui, kuhesabu najua."

"Huo... ni kuamka mapema, nyanya. Nidurusu kabla ya shule."

"Eeh! Hapo sasa umesema. Hilo niachie mimi."

Kesho yake, kabla adhana ya alfajiri haijaisha kwenye msikiti wa jirani, nikasikia sauti kutoka jikoni: "We mwana! Mstari wa tano!" Nikiitika "abee" huku bado nimelala, nanyunyiziwa maji. Yeye akisukuma mahamri, mimi kwenye kigoda nadurusu, moshi machoni, harufu ya nazi na mafuta ya moto. Mwaka mzima. Na uliofuata. Mpaka sekondari. Jirani yetu, mama wa maneno mengi, akija kununua mahamri huuliza, "Yuko wapi Mstari wa Tano? Leo yuaamka ama kafa?" Jina likanishika mtaa mzima.

Nikawa napita mitihani. Watu wakaisifu ile karatasi, na nyanya akiwaambia wageni, "Hilo la tano nililifanya mimi." Mimi natafuna tu.

Siku hizi mahamri hapiki. Macho yameingia ukungu. Ukisimama mlangoni lazima useme ndipo akujue. Uani pamejengwa vyumba vya kupangisha, hakuna pa kurukia kamba. Gundi nayo twanunua dukani. Lakini alfajiri bado huniita kutoka kitandani, kwa mazoea tu, ingawa sina mtihani wowote.

Na unajua kinachoniuma? Sio ule uongo peke yake. Asubuhi zote zile tulikuwa wawili, taa imewaka, kalamu mkononi mwangu, yeye hatua mbili kutoka kwangu, na macho yake mazima. Herufi moja kwa siku ingetosha. Nilikuwa na haraka ya nini? Kamba zenyewe nilishaacha kuruka.

Mdogo wangu anasema nyanya atalia. Labda. Mimi pia nililia leo nyuma ya kabati, na rangi ikanishika usoni.

Kesho sitangoja kuitwa. Nitaamka kabla yake, nikande unga kama alivyonionyesha, kisha nikae kando ya kitanda chake na ile karatasi, niusome mstari wa tano kama ulivyoandikwa. Akinyamaza, nitanyamaza naye. Akinifukuza, nitatoka. Na akisema "haya", nitamwekea kiganjani kipande cha unga nilichokifinyanga kwa umbo la herufi ya kwanza ya jina lake, nimwache aipapase, hata kukipambazuka, hata jua likiingia chumbani, mpaka aseme mwenyewe imetosha.