Bibi Aliyekuja Kupiga Sufu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Rwezamenyo, Kigali, ndani ya duka langu la kushona, jua halijazama. Sikuota wala sikusimuliwa.

Mairi ni mzungu wa kisiwa kimoja huko Uskoti, anaishi Kiyovu. Alikuwa akiandaa onyesho la kuchanganya nyimbo za kwao za Kigaeli na ngoma za Kinyarwanda. Mavazi alinipa mimi niyashone, na sufu ilifumwa huko huko kisiwani. Sufu hiyo kabla ya kukatwa hulowekwa, ikapigwapigwa mezani mpaka ikaze, na wanawake huimba wakipiga. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Na lipo sharti: wimbo ukishaimbwa juu ya kitambaa hicho, haurudiwi. Nilicheka sana. Kwetu Tanga wimbo ukinoga, mwimbaji hutuzwa arudie!

"Bibi yangu angenichapa," Mairi alisema, mara uso ukambadilika. Bibi huyo alikuwa na wimbo ambao hakuna mwingine kisiwani aliyeujua wote. Bibi alifariki wakati Mairi yuko huku kazini, naye alikuwa amejifunza nusu tu. Jambo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba.

Basi siku hiyo mvua inamwagika, mlango nimeutia komeo. Tuko mezani, mimi, Mairi, na jirani yangu Mama Zawadi. Mairi akaimba ile nusu yake. Alipofika pale anapokwamia siku zote, sauti nyingine ikapokea. Wallahi! Mwisho wa meza ameketi mwanamke mzee, ameshika kitambaa, anapiga nasi sawasawa. Nguo zake zilinuka chumvi na mwani. Kigali hii, bahari iko wapi?

Mama Zawadi akaninong'oneza, "Uyu mukecuru amepita wapi? Mulango iko imefungwa!"

Nikageuka kutazama komeo: halijaguswa.

Mairi alikuwa analia huku anaitikia. Ubeti ukaja, ukaja mwingine, mpaka wimbo ukaisha. Laiti tungenyamaza hapo! Lakini Mairi alichomoa simu, akaielekeza kwa yule mzee, akamsihi kwa Kigaeli. Hakuhitajika mkalimani: alimwomba arudie, amrekodi. Yeye mwenyewe aliyetuambia sharti! Simlaumu. Hata wewe ungefanya hivyo hivyo.

Bibi alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyevunja chungu. Kufumba na kufumbua, hayupo. Komeo liko pale pale.

Onyesho halikufanyika. Mairi aliupoteza wimbo wote, hata ile nusu aliyokuwa nayo tangu utotoni. Mpaka leo huja dukani, akakaa, akaniuliza, "Dada, hukumbuki hata neno moja?" Roho inaniuma, niamini. Mapigo nayajua, mikono inayakumbuka, lakini maneno sina. Basi tunapiga meza wawili sisi, kimya, mpaka machozi yanatutoka.

Wewe mwenye bibi anayeimba, usijidanganye kwamba utamrekodi Ijumaa. Nenda ukakae karibu naye leo, na akianza, weka simu chini umsikilize.