Wino wa Kidole Gumba

Harufu ya wino wa muhuri bado hunitoa jasho. Mama alikuwa amegongwa na dereva mlevi pale stendi ya Kongo, Kawangware, na wakili wa bure akaja mtaani kwetu Kianda kuandika taarifa ya Mama ya kudai fidia. Mama alijua Kiluhya tu, kwa hivyo mimi nikawa mkalimani. Majirani walijaa mlangoni, wakiwemo wenzangu wa darasani.

"Muulize ameumia aje," wakili alisema.

Mama akaninong'oneza kwamba hawezi kuzuia mkojo tena, na kwamba mimi ndiye humwosha.

"Anasema mguu unamuuma kidogo," nikasema.

Wakili akaandika. Mama akanipapasa shavu, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza chini ya maneno yangu.