Mdudu Asiye na Tumbo Aliyemlaza Masanja

Niliondoka Shinyanga kwa sababu wifi yangu, Mama Kulwa, alinipigia simu akilia. Mumewe Masanja, mdogo wangu, alikuwa akiharisha damu kule machimboni Nyarugusu na hataki hospitali. Eti mwanaume anayeshuka kwenye duara, shimo refu la dhahabu, halazwi na tumbo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Sikuhitaji kusikia zaidi.

Njiani, baada ya kupita Kharumwa, malambo yalikuwa yamekauka. Ng'ombe walisimama kwenye matope, mbavu nje, wakilamba kilichobaki.

Nyarugusu nilifika mchana. "Shikamoo, wifi," Mama Kulwa alinipokea, akaniingiza kwenye kibanda cha turubai. Masanja alikuwa amelala kando ya beseni, midomo imepasuka. Aliyekaa upande wa kichwa chake ni mwenye duara, bwana mmoja wa tumbo kubwa na mkufu shingoni.

"Mnakunywa maji gani?" nikauliza.

Mwenye duara akanyoosha kidole nje, kwenye dimbwi lililo mteremkoni chini ya vyoo. "Tunachuja kwa kitambaa, mwalimu."

"Kitambaa kinazuia chura. Mdudu aliyemwingia Masanja ni amiba, ana seli moja tu."

Akacheka mpaka mkufu ukatikisika. "Seli moja! Ana mikono? Ana meno?"

"Hana. Hana hata tumbo, ndiyo maana anatumia la mdogo wangu."

Nikamweleza kwamba amiba akitupwa nje hujifungia ndani ya gamba, asile asinywe, akisubiri kinywa kingine. Masanja hana gamba. Ana figo, moyo na ini, na maji yakiisha vyote vinazima pamoja.

"Dada, mimi mzima," Masanja akasema. Akainuka atuonyeshe. Akaangukia beseni, macho yakageuka meupe.

Mwenye duara alikuwa wa kwanza kutoka nje. Mama Kulwa nami tulimbeba mpaka kwenye bajaji, yeye akiita jina la mumewe njia nzima.

Kituo cha afya walimtundikia dripu. Kulipokucha akafungua macho, na maabara ilikuwa imeshamwona mdudu.

"Mkubwa kiasi gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Haonekani kwa macho."

Akageukia ukutani. Nadhani angefarijika kusikia ni chatu.

Nilirudi Shinyanga alipoweza kunywa uji. Nimefundisha miaka mingi kwamba amiba hana ubongo. Safari hii nimejifunza kwamba, pamoja na hayo, hajawahi kukataa kujiokoa kwa kuogopa kuchekwa.