Kuku wa Kila Jumatatu

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule akaniuliza kwetu tunaishi watu wangapi. Kesho yake alitakiwa kusimama mbele ya wenzake aeleze. Nilikuwa na suruali ya mteja chini ya sindano, nikasimamisha cherehani.

"Nani anataka kujua?"

"Mwalimu, Baba."

"Na yeye katumwa na nani?"

Mke wangu akacheka jikoni. "Eish, huyu mwanamume! Hata mita ya umeme anaishuku."

Ni kweli, ndugu yangu, sibishi. Mimi ni mtu wa ndani. Kuvuka zile taa za barabarani, roboti tunavyoziita hapa, naaga kama naenda ng'ambo. Lakini ugonjwa huu wa kushuku sikuzaliwa nao. Niliupata darasa la pili.

Tulikuwa tumetoka Uvira baada ya vita, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Doornfontein, katika jiji hili, juu ya karakana ya viatu. Mpaka leo nikinusa gundi nasikia njaa, kwa jinsi harufu ile ilivyochanganyika na sombe ya mama yangu, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Shule yetu ilikuwa ya Kiingereza, jengo la matofali mekundu, na mwalimu mkuu hakutaka kusikia lugha nyingine hata uwanjani. Mwalimu wa darasa alikuwa mama mnene wa hapahapa, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Kila Jumatatu, kabla ya hesabu, alitusimamisha mmoja mmoja tutoe habari: nyumbani mlifanya nini, nani alikuja, mlikula nini.

Watoto wa hapa walimwaga hadi ugomvi wa wazazi wao. Sisi tulitumbua macho. Tulikotoka, mtu akikuuliza nani kalala kwenu, jioni anarudi na wenzake. Mama aliposikia aliweka mwiko chini. Mjomba wangu, mdogo wake, alikuwa akilala kwetu, sakafuni, kati ya jiko na kabati. Hakuwa na karatasi. Angekamatwa, angerudishwa kulekule tulikokimbia.

"Mwalimu gani huyo," Mama akasema, "wa kufundisha au wa kupeleleza?"

Akanitungia habari yangu na kunikaririsha: tulikula kuku, tulienda kanisani, tulilala. Nikaisema Jumatatu ile, na iliyofuata, na nyingine. Mama hakuwa mchoyo, aliwagawia wenzake wa kanisani, na muda si mrefu kila mtoto wa Kikongo na wa Kirundi darasani akawa anakula kuku kila Jumapili. Sisi, ambao kuku tulimjua kwa miguu na vichwa vilivyouzwa kwa mafungu kando ya barabara! Mjomba alikuwa akinyonya ukucha wa kuku jioni huku akinichokoza: "Eti, mtoto wa dada, leo umewaambia tumekula paja au kidari?"

Nadhani kuku wale ndio waliomleta mwalimu kwetu. Jumamosi moja mchana tulisikia hodi, na Kiingereza nyuma yake. Mjomba akaingia kabatini. Mwalimu akakaa juu ya kitanda, maana kiti kilikuwa na nguo mbichi, na Mama akamwandalia chai kwa tabasamu la harusi.

"Mwongezee sukari huyu mpelelezi," akaniambia kwa Kiswahili, bado anatabasamu, "labda atasahau alichokuja kutafuta." Kisha, kama anayeimbia sufuria: "Na wewe humo usikohoe, anakaribia kumaliza."

Mwalimu alikunywa polepole. Aliuliza kuhusu kusoma kwangu, nikatafsiri, nikijisifu kidogo. Alipofika mlangoni akamshika Mama mkono.

"Asante kwa chai, dada," akasema, kwa Kiswahili cha Morogoro, kisafi kuliko chetu. "Sasa mfungulie mgeni wako. Humo kabatini kuna joto."

Kumbe alikulia Tanzania, wazazi wake walipokimbilia huko enzi za ubaguzi wa rangi hapa. Leo nacheka peke yangu. Mama hakucheka.

"Mtu anajua lugha yako, anakaa nayo kimya miezi yote hiyo?" alisema. "Huyo ni wa kuogopa mara mbili."

Jua halijazama, Mjomba alikuwa amefunga blanketi lake, anakwenda mtaa wa Alexandra kwa shemasi mmoja. Alinivuta sikio: "Nibakizie kidari." Kutoka huko akaenda Cape Town, akawa sauti ya simu, kisha hata sauti ikakatika.

Jumatatu niliposimama, mwalimu hakuningoja nifungue mdomo. "Kuku, kanisa, usingizi," alisema kwa Kiingereza chake, bila kuinua macho. "Kaa." Ikawa hivyo hadi mwaka ukaisha. Kila gari liliposimama chini ya dirisha letu, vijiko vilibaki hewani. Hakuja mtu.

Alikuwa akituficha, au alichoka tu na kuku wetu? Nimeshuku yote mawili. Nilipopata ujasiri wa kumtafuta, jengo la shule lilikuwa limegeuzwa hosteli ya wanafunzi, na penye karakana ya gundi wanauza vifuniko vya simu. Mlinzi getini aliniuliza namtafuta nani na kwa nini, nikarudi nyumbani.

Juzi hiyo, nikiwaza yote haya, binti yangu alikuwa bado amesimama kando ya cherehani. "Sasa niseme wangapi?"

"Watatu."

"Na tulikula nini?"

"Kuku."

"Baba! Tulikula maharage."

Basi, nikamwambia, sema maharage. Sema yote. Kabati letu siku hizi lina nguo tu.